Siku Marnie Volk Alipowekwa Benchi

Kocha Arlys Nygaard aliipata kazi yake kwa sababu ya urefu. Mwaka ule serikali ilikuwa imeviamuru vyuo viwape wasichana michezo kama vilivyowapa wavulana. Mkuu wa chuo kidogo cha Brekke, huko kwenye nyanda za Dakota Kaskazini, alitazama huku na huku wakati wa chakula cha mchana, akamwona mwalimu mpya wa viungo, msichana wa shambani mwenye mabega mapana, akiinama kidogo kupita mlangoni.

"Wewe bila shaka unaujua mpira wa kikapu," akamwambia.

"Naujua ule tuliocheza ghalani, mimi na mdogo wangu."

"Basi unatosha. Wasichana wako wataanza Jumatatu."

Wasichana wenyewe walikuwa wachache, na uwanja waliupata wavulana wakishamaliza, sakafu ikiwa bado imelowa majasho ya watu. Arlys alivumilia wiki kadhaa. Siku moja akachukua dekio, akampelekea kocha wa wavulana mbele ya vijana wake, akamkabidhi bila kusema neno. Yule bwana akalitazama dekio, akamtazama Arlys, akaanza kudeki. Tangu siku hiyo watu wa Brekke walijua kwamba yule dada mrefu si mtu wa makelele, lakini pia si mtu wa kuchezewa.

Aliolewa na Orrin, muuza vipuri vya matrekta, ambaye alikuja kutengeneza mtambo wa kupasha joto ukumbini akabaki kutazama mazoezi mpaka mwisho. Hawakujaliwa watoto. Jambo hilo liliwauma, na kwa muda mrefu hawakuweza kulizungumza. Kisha wakalizoea, na nyumba yao ikajaa watoto wa wenzao. Kila Jumapili baada ya ibada wasichana wa timu walikuja kula. Arlys aliwapikia viazi na nyama ya kusaga vilivyookwa kwenye bakuli kubwa, Orrin akachoma lefse, vile vichapati vya viazi vya kwao, na mezani hapo ndipo kocha alipojua baba wa nani amepoteza shamba, nani amegombana na mchumba, na nani hajalala kwa hofu ya mtihani. Alikuwa na desturi ya kumuuliza mchezaji swali moja tu, kisha kunyamaza na kuendelea kukata mkate. Kimya chake kilikuwa kipana, mtu akijikuta tu amekwisha kusema yote.

Kwa miaka ishirini timu yake ilishinda mara nyingi kuliko ilivyoshindwa. Vyuo vikubwa vilimwita mara mbili tatu, akavishukuru, akabaki. Ndipo Marnie Volk alipotokea.

Arlys alikwenda mwenyewe kumtafuta, kusini kabisa, kwenye mashamba ya wale Wajerumani waliotoka Urusi enzi za babu zao. Alimkuta binti mmoja mwembamba mwenye nywele nyekundu akidunda mpira juu ya zege lililopasuka, kati ya trekta na zizi la ng'ombe, huku akijitangaza kwa sauti kama mtangazaji wa redio: "Volk anampita mmoja! Anampita wa pili! Ng'ombe huyo hana la kufanya!"

"Huyo ng'ombe anakaba vibaya," Arlys akasema.

Marnie hakushtuka. "Mzee huyo, Kocha, anahitaji kupumzishwa. Wewe ndiye wa Brekke?"

"Ndimi."

"Basi nikwambie mapema tusije tukagombana. Mimi pasi sitoi."

"Utajifunza."

"Na nisipojifunza?"

"Utacheza na ng'ombe."

Marnie akacheka mpaka mpira ukamtoroka. Mama yake, mwanamke mnene mwenye aibu, akawaita ndani wakanywe supu ya madonge, na kabla supu haijapoa binti alikuwa amekwisha kuamua.

Pasi alijifunza, ingawa ilichukua mwaka mzima na machozi kidogo. Vingine alikuja navyo kutoka kwao: kasi, macho ya kuona mwanya kabla haujafunguka, na mdomo usiokoma. Aliwatania wapinzani, aliwatania marefa, alimtania Kocha mwenyewe. Theluji ilipofunga barabara wakati wa likizo, alikuwa akilala kwa akina Nygaard, akicheza karata na Orrin na kumwibia waziwazi.

"Mzee, mbona unapoteza hivi? Umezeeka?"

"Una karata mbili chini ya paja, mtoto wewe."

"Ni baridi, Mzee. Napasha paja moto."

Arlys aliwasikiliza kutoka jikoni, mikono kwenye maji ya vyombo, na mara nyingine alisimama tu pale akiacha maji yapoe. Hakuwahi kumwambia Marnie kwamba anampenda kuliko wachezaji wengine. Kocha hawezi kusema hivyo. Lakini kila mtu alijua, na wachezaji wengine, kwa wema wao, hawakumwonea kijicho.

Mwaka wa nne wa Marnie, Brekke ilifika fainali ya kanda. Ikishinda, ingekwenda mashindano ya taifa, mahali ambapo chuo hicho kilikuwa hakijawahi kukanyaga. Mechi ilipangwa ichezwe nyumbani, Jumamosi mchana. Maduka ya mjini yalifungwa. Na habari ilikuwa imeenea kwamba kuna bwana amesafiri kutoka mashariki, kutoka ligi mpya ya wanawake ya kulipwa, amekuja kumtazama Volk.

Timu ilikuwa imekwisha kuanza kupasha misuli Arlys alipogundua kwamba Marnie hayupo uwanjani. Akatoka kumtafuta. Alimkuta kwenye korido ya nyuma, karibu na vyumba vya kubadilishia nguo, ameketi sakafuni ameegemea ukuta. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Mkono mmoja ulikuwa kifuani.

"Marnie."

Binti akafumbua macho, akachelewa kidogo kumtambua, kisha akatabasamu. "Sijala tu, Kocha. Nilikunywa kahawa tupu. Nipe ndizi niwamalize."

Maneno yale Arlys aliwahi kuyasikia. Mdogo wake Rolf, akiwa na miaka kumi na tisa, aliketi hivyo hivyo pembeni mwa lori wakati wa kuvuna viazisukari, midomo yake ikiwa hivyo hivyo, akasema, "Sijala tu, Arlys," akanyanyuka akarudi kazini. Hakufika mwisho wa mstari akiwa hai.

Daktari wa mji alikuwa jukwaani na familia yake. Arlys akamwita. Daktari akamsikiliza Marnie kifua, akamshika mkono, akasema hasikii kitu kibaya. Labda uchovu, labda hofu ya mechi. Rangi ilikwisha kumrudia binti, na alikuwa amesimama akirukaruka kuonyesha uzima wake.

"Umeona? Twende, Kocha, wananisubiri."

"Leo huchezi," Arlys akasema.

Marnie akacheka. Kisha akamtazama vizuri, akaacha kucheka.

"Daktari amesema niko salama."

"Nimemsikia. Huchezi mpaka wapimaji wa hospitali kubwa ya Fargo wakuone kwa mashine zao."

"Kocha. Ni leo. Unajua ni leo."

"Najua."

"Basi niambie kwa nini! Nini umekiona ambacho daktari hakukiona?"

Arlys akafungua kinywa. Jina la Rolf lilikuwa pale pale kooni. Lakini alijua kwamba akilitamka atalia, na akianza kulia hataweza kutoka na kuwaongoza wale wengine kumi waliokuwa wakimsubiri. Akafunga kinywa. Akasema tu, "Vaa koti lako. Utakaa pembeni yangu."

Mechi ile watu wa Brekke wanaizungumza hadi leo. Wasichana walipigana kufa na kupona, wakabaki nyuma kidogo tu mpaka dakika za mwisho, na jukwaa zima lilikuwa likiimba, "Mtie Volk! Mtie Volk!" Marnie aliketi amejifunika taulo kichwani. Bwana wa kutoka mashariki aliondoka wakati wa mapumziko. Walishindwa kwa kikapu kimoja.

Baada ya filimbi Marnie aliondoa taulo. Macho yake yalikuwa makavu.

"Umenichukulia maisha yangu," akasema kwa sauti ya chini, yeye ambaye hakujua kusema kwa sauti ya chini. "Na hata sababu hukunipa."

Akaondoka na wazazi wake siku hiyo hiyo. Wiki iliyofuata alipimwa Fargo, na jibu likarudi kwamba hana ugonjwa wowote. Habari zikaenea mjini kabla ya mchana. Mkahawani, Arlys alipoingia kununua mkate, mazungumzo yalikatika. Mzee mmoja wa ghala la nafaka, mtu waliyefahamiana maisha yote, akamwambia bila kumtazama, "Moyo mzima kama wa farasi, Arlys. Farasi!" Kulikuwa na minong'ono kwamba afukuzwe. Hakufukuzwa. Lakini mwaka uliofuata viti vingi vilikuwa vitupu, na Brekke haikufika tena fainali ya kanda chini ya uongozi wake.

Alimpigia Marnie simu mara kadhaa. Mama yake alipokea, akasema kwa aibu yake ile ile kwamba binti hayupo. Arlys aliisikia televisheni nyuma, na mtu akiipunguza sauti.

"Ungerudi nyuma, ungefanya vingine?" Orrin alimuuliza jioni moja, wakikunja mashuka.

Arlys akafikiri mpaka shuka likakunjwa lote. "Nilikosea, Orrin. Na ningefanya vile vile tena. Sijui mtu anaishije na vitu hivyo viwili pamoja."

"Anaishi tu," Orrin akasema. "Nishikie pembe hiyo."

Aliishi. Aliendelea kufundisha. Wasichana walikuja na kuondoka, wakaolewa, wakaja na watoto wao mikononi kumsalimu. Jumapili alipika kama kawaida. Jambo moja lilibadilika: tangu mwaka ule, kila msichana mpya alipojiunga, kabla ya mpira wowote kudundwa, alipelekwa Fargo kupimwa moyo, na kocha mwenyewe aliendesha gari. Walimcheka. Aliwaacha wacheke.

Habari za Marnie alizipata kwa juu juu. Hakwenda ligi ya kulipwa; hakuna aliyemwita tena. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika mji mdogo upande wa magharibi, ameolewa na mfugaji, anafundisha timu ya wasichana ya shule ya sekondari. Timu hiyo ilikuwa inashinda. Arlys alizitafuta taarifa zake gazetini kila Jumatatu, na Orrin alijifanya haoni.

Magoti yake yalipoanza kumsumbua na majina ya wachezaji kuanza kumchanganya, Arlys alisema msimu huo ndio wa mwisho. Bwana Fossum, mkurugenzi wa michezo wa chuo, kijana mchangamfu aliyependa tai za rangi kali, akamwita ofisini.

"Tumepata maombi mazuri sana. Kuna mmoja wa Minnesota, kuna mmoja wa Arizona, sijui kama anajua theluji ni nini. Nataka maoni yako, Kocha."

"Kuna mmoja hajaomba."

"Nani?"

"Marnie Volk."

Bwana Fossum akaiweka kalamu chini. Hata yeye, ambaye wakati ule alikuwa mtoto wa shule, aliijua hadithi ile. "Mtazungumza? Ninavyosikia hamjazungumza tangu..."

"Hatujazungumza," Arlys akasema. "Lakini anajua kufundisha. Nitakwenda kumwona."

Alikwenda peke yake, siku ya Jumamosi ya Februari, barabara nyeupe pande zote na upepo ukilisukuma gari. Alifika mechi ya mchana ikiwa imeanza, akakata tiketi kama mtu yeyote, akaketi juu kabisa nyuma ya familia moja yenye kelele.

Marnie alikuwa amenenepa kidogo, na nywele nyekundu zilikuwa zimepungua wekundu. Alichokiona Arlys kwanza ni kwamba hasimami. Alipoomba muda na wasichana wakaja kuketi, alipiga magoti mbele yao sakafuni, akawatazama kutoka chini, na kusema nao huku ameshika mguu wa huyu au kiatu cha yule. Msichana mmoja alipokosea vibaya, akatolewa, Marnie alikwenda kumwambia kitu sikioni, na yule aliyekuwa analia akaangua kicheko. Arlys akajikuta anatabasamu peke yake kama mwehu. *Amenipita,* akawaza. *Mimi sikuwahi kupiga magoti.*

Mechi ilipokwisha, watu wakiteremka, Marnie akainua macho jukwaani akamwona. Akasimama hivyo hivyo na mpira mkononi. Kisha akaonyesha kwa kidevu upande wa jiko la shule, ambako akina mama walikuwa wakiuza kahawa na mikate ya nyama ya kusaga.

Waliketi kwenye meza ndefu ya watoto, magoti ya wote wawili yakigonga ubao. Marnie alinunua kahawa mbili.

"Umeendesha kwenye theluji hii," Marnie akasema.

"Nimeendesha."

"Mzee yuko wapi?"

"Nyumbani. Alitaka kuja, nikamkatalia. Amekutumia lefse, ziko garini. Anasema bado kuna deni la karata, sijui ni lako au ni lake."

"Ni lake. Aliiba mara moja." Marnie akauzungusha mkono kwenye kikombe. "Kocha, umekuja kufanya nini?"

"Mambo mawili. La kwanza nilipaswa kulifanya siku ile kwenye korido." Arlys akavuta pumzi. "Nilikuwa na mdogo wangu, jina lake Rolf."

Akamsimulia. Hakuwahi kuisimulia habari ile kwa mtu yeyote isipokuwa Orrin, na aliisimulia vibaya, akirukaruka, akirudi nyuma: viazisukari, lori, midomo, *sijala tu, Arlys.* Alilia, kama alivyojua kwamba angelia, na akina mama wa kahawa wakageukia masufuria yao kwa adabu.

"Madaktari walisema ulikuwa mzima," akamaliza, akijifuta. "Kwa hiyo nilikukosea, na nimekuja kukuomba radhi. Lakini nilitaka ujue kwamba sikufanya kwa ubabe. Niliogopa. Niliogopa tu."

Marnie alikuwa amekwisha kuacha kumtazama. Alikuwa akitazama meza.

"Usiniombe radhi," akasema. "Tafadhali, Kocha. Usiniombe radhi mimi."

"Kwa nini?"

Marnie akachukua mkono wa Arlys, ule mkono mkubwa wa shambani, akauvuta juu ya meza akauweka chini ya mfupa wa bega lake la kushoto. Chini ya fulana kulikuwa na kitu kigumu, kidogo, kama kisanduku cha kiberiti.

"Unakihisi? Ni mashine. Moyo ukipotea njia, inaurudisha kwa teke. Waliniwekea nilipokuwa na mimba ya binti yangu. Nilianguka jikoni. Daktari aliniambia hitilafu hiyo nimezaliwa nayo, kwamba huwa inajificha, mtu anapimwa leo haionekani, kesho inamuua. Akaniuliza, 'Umewahi kuzirai ukicheza?'" Marnie akaubana mkono wa Arlys pale pale. "Na ukweli ni kwamba nilikuwa nimezirai. Mara mbili kabla ya siku ile. Bafuni, hakuna aliyejua. Kule Fargo waliponiuliza, nilisema hapana. Nilitaka karatasi ya uzima niende ligi. Nikaipata. Nikauonyesha mji mzima kwamba wewe ni mwendawazimu."

Kwa mkono mwingine Arlys akasogeza kahawa yake kando.

"Daktari alisema ningecheza dakika arobaini siku ile, kwa mbio zile, pengine nisingetoka. Alisema hivyo kama anasoma hali ya hewa. Miaka minane sasa, Kocha. Nimejua miaka minane, na sikupiga simu. Kila nikishika simu najiuliza, naanzaje? Mama yangu alikuwa anasema, 'Mpigie yule mama.' Nikamwambia kesho. Nilizidi kuona aibu, na kadiri nilivyochelewa ndivyo aibu ilivyozidi." Machozi yalikuwa yakimdondoka kwenye kahawa. "Nilipokuona pale juu leo nilidhani umesikia, umekuja kunisuta. Sema basi. Nisute. Nimestahili."

Arlys alikuwa bado na mkono wake kwenye kile kisanduku. Chini yake, polepole na sawasawa, moyo ulikuwa ukidunda. Miaka yote ile aliyokula lawama na kujilaumu ilimpita mbele, na angeweza kukasirika. Baadaye Orrin alikasirika kwa niaba yake kwa siku mbili nzima. Lakini pale mezani jambo moja tu lilimjia.

"Inakuuma?" akauliza. "Ukilala kwa upande huu?"

Marnie akatikisa kichwa, akashindwa kabisa kujizuia, akalaza kichwa mezani akalia kwa sauti kama mtoto. Arlys akahamia upande wake wa benchi, akamshika mabega, akakaa hivyo. Mama mmoja alikuja taratibu akawabadilishia kahawa.

"Na la pili?" Marnie akauliza baadaye, akipenga kamasi kwa karatasi ya mkate. "Ulisema mambo mawili."

"Nastaafu. Nataka uichukue timu."

"Wewe mwehu."

"Ndivyo ulivyouambia mji."

Marnie akacheka huku bado analia. Kisha akasema hapana. Ana mume, mume ana ng'ombe, ng'ombe hawahamishwi kama viti. Ana wasichana wake hawa. Na watu wa Brekke watamtazamaje? Arlys hakubishana. Akaenda garini akamletea lefse, akamkumbatia, akaondoka mapema kabla upepo haujazidi.

Simu ilikuja theluji ilipokuwa inayeyuka. Orrin ndiye aliyepokea.

"Mzee," sauti ikasema, "karibu na kwenu kuna malisho ya kukodi?"

Orrin akafunika simu kwa mkono, akamgeukia mkewe. "Kuna mwizi wa karata hapa anatafuta malisho."

Kabla ya kukubali kazi, Marnie aliomba kitu kimoja. Aliomba chuo kiwaite watu wa mji ukumbini siku moja baada ya ibada, akasimama mbele yao na kuwaambia aliyomwambia Arlys kwenye jiko la shule, yote, pamoja na uongo wa Fargo. Sauti ilimkatika mara moja tu. Arlys hakutaka kuwapo. Alijifungia nyumbani akapika viazi vingi kupita kiasi. Alasiri hiyo yule mzee wa ghala la nafaka alikuja mlangoni kwake, ameshika kofia. "Utakula viazi?" Arlys akamuuliza. Akaingia, akala.

Mechi ya kwanza ya msimu mpya ilikuwa Novemba. Arlys alifika mapema na kuganda mlangoni, kwa sababu hakujua aketi wapi. Maisha yake yote katika ukumbi ule alikuwa na mahali pamoja tu pa kuketi, na sasa pale alikuwa mtu mwingine, mwenye nywele nyekundu zilizofifia, akipiga magoti mbele ya wasichana waliovaa fulana za bluu. Orrin akamshika kiwiko, akamwongoza hadi safu ya tatu nyuma ya benchi, mahali alipoketi yeye miaka yote. Alikuwa na mito miwili ya kukalia, chupa ya kahawa, na mfuko wa karanga.

"Una mito miwili," Arlys akasema.

"Nimenunua wa pili."

Mechi ikaanza. Arlys hakuweza kutulia. "Mrudishie! Mrudishie huyo wa kona!" Watu waligeuka. Orrin akamtia karanga mkononi.

"Tulia, mama. Kazi si yako."

"Hawaoni kona iko wazi?"

"Marnie ameiona. Tazama."

Na kweli, pasi ikaenda kona, na msichana wa kona akafunga. Ukumbi ukalipuka. Arlys akaketi, akatafuna karanga, akatazama kwa muda mahali alipozoea kusimama. Kutoka hapa alipoketi sasa, kikapu cha upande wa pili kilikuwa kimejificha nyuma ya nguzo. Akainama kushoto, akainama kulia, hakukiona.

"Orrin, hapa nusu ya uwanja haionekani!"

"Haionekani."

"Umekaa hapa miaka karibu arobaini na huoni mpira?"

"Wewe nilikuwa nakuona vizuri," Orrin akasema, akimenya karanga. "Mgongo mzuri sana. Mpira walinisimulia."

Arlys akamtazama yule mzee wake, na maganda ya karanga yaliyomjaa magotini. Akavuta mto wake ukagusa wa mumewe. Kule chini Marnie alikuwa amemgeukia refa, mdomo umefunguka, akimwambia jambo lililomfanya refa azuie kicheko kwa nguvu zote.